Ndama wa Moreto

Janeth, tumetoka hospitali sasa hivi, hapa Korogwe. Naandika kwa sababu nikipiga simu nitalia, na Moreto ananitazama.

Daktari amemtembeza kwenye korido, kisha akampima mapigo ya moyo. Anasema kwa jinsi miguu yake ilivyokakamaa, kutembea tu kunamchosha kama mwenzake anayekimbia.

Kama anayekimbia, Janeth. Na kila asubuhi anapeleka ndama malishoni.

Moreto akamuuliza, "Kwani wengine wakitembea hawachoki hivi?"

Daktari akasema hawachoki.

Kumbe mwanangu alidhani wote tunachoka vile, ila sisi tunavumilia.

Sasa tuko stendi. Ameninong'oneza mimi mama yake, "Yeyo, usimwambie babu. Bora aendelee kuniita mvivu, kuliko aninyang'anye ndama."