Kasuku Kwenye Mti wa Mama

Nyumbani,
Jumapili jioni, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi. Hujambo huko ugenini, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Sisi wazima wa mwili. Moyoni nimejaa hasira, hata chai hainishuki.

Ile picha aliyoichora Mama, mti kando ya bwawa, inayotazamana na mlango wa sebule, Baba Mdogo ameiharibu. Sina namna ya kulilainisha neno hilo.

Nilikuwa kazini, yeye amekuja kunisubiria fundi bomba. Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa turubai, akaona madoa matupu, akaamua marehemu hakuimaliza. Basi akamwita mchoraji wa mabango ya maduka aje aimalizie, eti ananifanyia hisani.

Narudi nakuta kila jani limezungushiwa mstari mweusi, shina limenyooka kama nguzo ya umeme, na tawini kakaa kasuku. Kasuku, mdogo wangu, tena anatabasamu.

Nilimweleza kwamba ule ni mtindo wa impreshonisti, kwamba Mama aliyaweka madoa yale makusudi ili picha itazamwe kwa mbali. Wewe mwenyewe alikuwa akikushika mkono na kukurudisha mlangoni: "Simama hapo. Umeuona upepo?" Baba Mdogo akanijibu, "Sasa mwanangu, picha gani hiyo, mpaka mtu atoke nje ndiyo aione?" Na bado anawaita majirani waje kumwona kasuku wake.

Picha zake nyingine zote ziliozeshwa na mvua, unajua. Hii ndiyo pekee aliyotuachia. Nililia kama mtoto.

Jana nikaishusha niipeleke stoo, ndipo nikaona yule mchoraji wa mabango hakugusa maji. Kivuli cha mti bwawani hakukitambua. Kwake yalikuwa maji machafu tu. Mti ule wa majini bado ni mkono wa Mama mtupu. Nimeigeuza picha juu chini, nikaitundika chini kidogo: mti wa majini sasa ndio umesimama wima juu, na kasuku yuko nyuma ya kabati la vyombo.

Msalimie mkeo na mapacha. Shangazi anakusalimu sana. Baba Mdogo pia anakusalimu. Nimefikisha, sijasema nimemsamehe. Mungu akulinde na akurudishe salama.

Siku utakayokuja, kabla hujanikumbatia, simama kwanza pale mlangoni. Upepo bado upo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.