Brosi Yangu na Birika la Feza

Mujukuu wangu Amani,

Hapa Kalemie tuko wazima. Tangu tuoane katika uzee huu, Mama Feza ananiita "bwana harusi wa meno matatu", na moyo wangu unaruka kama wa kijana.

Unauliza kwa nini inox yako, chuma kisichopaswa kushika kutu, inashika kutu pale ulipochomelea, hali ulitumia fimbo za kuchomelea za inox. Angalia brosi yako ya waya unayosugulia. Kama ilisugua chuma cha kawaida, inaacha chembe zake, na hizo ndizo zinazoshika kutu.

Naandika hili kwa aibu. Ujanani nilimchomelea huyu huyu Feza, wakati ule akiuza chai, birika la inox. Kutu ilipotoka nilijua kosa ni brosi yangu. Lakini mbele ya wateja nilimwambia, "Mama, unasugua na muchanga wa ziwa, unataka nini?" Wakamcheka.

Barua yako imenifanya nimkirie jana. Akasema, "Papa, tangu siku ile sikurudia kuosha vyombo ziwani na wenzangu."

Kesho asubuhi tutashuka ziwani pamoja. Masufuria nitabeba mimi, kichwani, na wenzake nitawaambia mwenyewe.

Babu yako anayekupenda