Picha ya Ukutani Karakana

Doreen, upo? Nimetoka kule karakana yetu ya treni sasa hivi. Nimekaa kituo cha basi.

Wameigeuza makumbusho. Yale mashimo tuliyokuwa tukiingia chini ya injini za mvuke wameyafunika kwa vioo. Ukutani kuna picha yetu ya 1967, mwaka injini hizo zilipozimwa kwa mara ya mwisho. Mumeo Stan yuko katikati, anacheka.

Binti anayetembeza wageni akasema, "Hawa wote wameshafariki."

Wote. Na mimi nimesimama nyuma yake.

Majina yako chini ya picha. La Stan lipo. Kwangu mimi wameandika, "Mchochea makaa, hajulikani."

Nikamwambia, "Huyo ni mimi, Norman Threlfall." Wageni wakanigeukia. Binti akaniangalia kwa huruma, kama mzee aliyepotea njia.

"Babu, kuna mtu anayeweza kuthibitisha?"

Nikawapitia pichani mmoja mmoja. Tumewazika wote, Doreen. 

Mwisho nikakutaja wewe. Najua tangu Stan afariki hutaki hata kuipita barabara ile ya karakana. Lakini kesho njoo, tafadhali, uwaambie ni mimi.