Saa za Kaloleni

Jumatatu, 11 Julai 1994

Chaki zimebaki mbili na nusu. Nimeufuta ubao wa ukumbi kwa gunia lenye maji, nikaandika saa moja kasorobo kabla watu wa kazini hawajapita. SIKU KAMA YA LEO. Leo ni Siku ya Idadi ya Watu Duniani. Nikaongeza chini yake kwamba jongoo hana miguu elfu, watu humsingizia tu. Wekesa, mlinzi wa ukumbi, akauliza ni nani aliyemshika jongoo akatulia mpaka akahesabiwa. Wa kuuliza hawakosi, wa kusoma ndio wachache.

Alhamisi iliyopita, tarehe saba, niliuacha ubao mtupu. Saba Saba, siku ya maandamano yale yaliyopigwa marufuku. Kila aliyepita alijua kwa nini. Wekesa alishukuru, maana funguo za ukumbi anazo yeye na chifu anamjua kwa jina.

Mwaka wa sita huu tangu nistaafu. Nilikuwa karani wa saa kwenye kiwanda cha sabuni. Nani ameingia, nani amechelewa, nani hakuja. Lango nililifunga kwa mkono wangu saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku nazo ni vivyo hivyo. Ndiyo maana naandika ubao huu ambao hakuna aliyenituma.

Jumatano, 13 Julai

Akinyi alikuja ubaoni leo, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Ana kibanda cha ususi hapo kando ya ukumbi. Binti wa Okelo, mwenzangu wa zamani kiwandani. Anataka tarehe ishirini na moja nimweke ubaoni, anatimiza miaka ishirini na tano.

Nikamwambia siku yake ni ishirini. Alizaliwa siku mtu alipokanyaga mwezi, na siku hiyo ni ishirini, mimi huiandika kila mwaka.

Akacheka. "Ah wapi, mzee! Ni ishirini na moja. Mathe alikuwa anasema hivyo, buda pia anasema hivyo. Wewe ulikuwa hapo?"

Sikuwa hapo mama na baba yake walipompata. Lakini nilikasirika, na hasira hiyo sikujua imetoka wapi. Nikamwambia aende akasuke watu.

Alhamisi, 14 Julai

Ubaoni: siku kama ya leo Wafaransa walivunja gereza la Paris. Wekesa, akimwogopa chifu, akaomba nilifute neno "walivunja". Nikaandika "walifungua". Amani ikarudi.

Nimeamka na maneno ya yule binti. Acha niyaandike yote, hapa hasomi mtu.

Okelo alikuwa rafiki yangu. Tulikuja mtaa huu wa Kaloleni mwaka mmoja, yeye upande wa shule, mimi upande wa ukumbi. Kiwandani alisimamia mapipa ya kuchemshia. Sahani moja, utani mmoja. Alikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Zote niliandika mimi. Moja ilikuwa ya dakika mbili. Nilijiona mtu wa haki.

Jumatatu, 21 Julai 1969, Okelo alifika saa tatu. Alisema mkewe amejifungua nyumbani alfajiri hiyo, palepale redio ya jirani ikisema kwamba mtu amekanyaga mwezi. Kesi ilikaa wiki tatu. Meneja akaniita nitoe ushahidi. Nikatoa gazeti la picha kutoka ng'ambo, kurasa za rangi, limeandikwa waziwazi: mtu alikanyaga mwezi Jumapili, 20 Julai. Basi mtoto alizaliwa Jumapili. Basi Jumatatu baba alikuwa na usingizi wa sherehe. Okelo alinitazama mimi, hakumtazama meneja.

Wengine walisema ilikuwa Jumatatu. Nikawaambia maneno ya mdomo hayana muhuri. Wakati huo sikuwa na redio, na saa kumi na nusu usiku nilikuwa tayari njiani kwenda kufungua lango. Mkunga mwenyewe alikuja kumtetea. Nilimrudisha langoni. Hakuwa na barua ya kuingilia.

Okelo alifukuzwa kwa uongo. Tangu hapo anaranda mbao soko la Gikomba, anatengeneza vitanda. Ananisalimia kwa kugusa kofia tu. Mimi nami nilikuwa nikijiambia, mwongo ni yeye, aanze yeye.

Ijumaa, 15 Julai

Nimesikia kwa Wekesa. Okelo anarudi kwao Ugenya Ijumaa ijayo, moja kwa moja. Nyumba ilikuwa kwa jina la mkewe, aliyekuwa mfagizi wa baraza la mji. Mama Akinyi alikufa mwaka juzi, sasa baraza linaitaka nyumba yake. Akinyi amepata chumba mtaa wa Pipeline, ghorofa ya nne.

Mwaka juzi nilitoa mchango wa mazishi. Kwenye basi la kwenda kuzika sikupanda. Nilisema nina kifua. Sikuwa na kifua.

Jumamosi, 16 Julai

Ubaoni: vipande vya nyota mkia vinaanza leo kuigonga sayari ya Mshtarii, wiki nzima. Mama wa mboga akauliza Mshtarii ni wapi, ni kupita Pipeline? Watu wakacheka mpaka mimi nikacheka.

Okelo alipita. Alisimama akasoma mpaka mwisho, penseli ya useremala sikioni. Husoma kila siku. Miaka sita amekuwa akisoma mwandiko wangu, na kila tarehe 20 Julai anakutana na mwezi wangu. Akagusa kofia, kisha huyo akaenda zake.

Jumatatu, 18 Julai

Kelele za jana zilinitoa usingizini, mtaa mzima ulikuwa kwenye runinga. Asubuhi nikaandika: Brazili wametwaa Kombe la Dunia jana Jumapili huko Amerika, Mwitalia amepaisha penalti.

Wekesa, macho mekundu kama nyanya, akapinga. "Jana gani, mzee? Mimi nilikuwa hapa na saa yangu. Saa saba usiku ilikuwa imepita. Kombe limechukuliwa leo."

Nikamwambia kwa ukali kwamba gazeti litaandika Jumapili. Akasema gazeti liandike litakavyo. Kule ilikuwa mchana wa Jumapili, hapa ilikuwa Jumatatu, na watu wa Kaloleni hawalali kwa saa za Amerika.

Nilibaki na chaki mkononi. Sikumaliza sentensi ya chini. Wekesa alidhani amenikosea adabu, akaniletea chai. Nusu yake niliimwaga.

Kule Jumapili, hapa Jumatatu. Ee Mungu wangu.

Jumanne, 19 Julai

Nimefungua sanduku la bati. Gazeti lile bado ninalo. Nililitunza miaka ishirini na tano kwa sababu lilinifanya niwe sawa.

Tarehe iko juu kwa herufi kubwa. Chini ya picha kuna mstari mdogo ambao sikuwahi kuusoma. Ulikuwepo siku ile, mezani kwa meneja, chini ya kidole changu. Mtu alikanyaga mwezi saa nne na dakika hamsini na sita usiku, kwa saa za mashariki ya Amerika.

Nikachukua atlasi ya shule ya binti yangu. Kati yao na sisi, wakati wa kiangazi chao, ni saa saba. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa penseli, nikaenda kunywa maji, nikahesabu tena. Saa kumi na moja na dakika hamsini na sita alfajiri. Jumatatu. Tarehe ishirini na moja.

Dakika nne kabla sijafunga lango.

Okelo alikuwa ameshika mkono wa mkewe, na mimi nilikuwa nimeshika komeo. Alisema kweli kila neno. Hata jina la mtoto lilisema. Akinyi kwao ni aliyezaliwa asubuhi, kama Kioko, jina langu, kwetu Ukambani. Sote wawili tumepewa asubuhi, na mimi mwenye jina hilo nikamnyima mwenzangu yake.

Naona aibu. Hakuna neno jingine la kuandika.

Jumatano, 20 Julai

Ubao mtupu. Wekesa akashangaa. "Leo si siku ya mwezi?" Nikamwambia si leo.

Nilienda Gikomba kumtafuta Okelo. Nilimwona. Ameinama juu ya ubao, anapiga randa, maranda yamefunika viatu vyake. Amekuwa mzee. Nilisimama nyuma ya marobota ya mitumba karibu nusu saa. Mwenye mitumba akachoka nami, akanivisha koti, nikalilipa. Nimerudi nyumbani na koti la baridi la watu wa theluji, na sijasema neno.

Mwoga mkubwa. Kumwandikia mtu dakika mbili sikuogopa.

Nilifikiri nimwambie pembeni, kwa sauti ya chini, sisi wawili. Halafu nikakumbuka kwamba hakuitwa mwongo pembeni. Aliitwa mbele ya watu, na watu hao walirudi Kaloleni jioni ile wakasema.

Alhamisi, 21 Julai

Nimeuandika ubao saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya mtu yeyote. Naunakili hapa jinsi ulivyokuwa.

SIKU KAMA YA LEO, 1969, saa kumi na moja na dakika hamsini na sita alfajiri, kwa saa za Kaloleni, mtu alikanyaga mwezi. Alfajiri hiyohiyo, hapa mtaani, alizaliwa Akinyi binti Okelo. Baba yake alisema hivyo kazini, akaitwa mwongo, akafukuzwa. Alisema kweli. Aliyekosea ni mimi, karani Kioko. Mstari ulikuwepo, sikuusoma.

Nikakaa kwenye ngazi ya ukumbi, na koti langu la theluji. Wekesa akasoma, akavua kofia, akaenda kufagia upande wa pili. Watu wa kazini wakapita. Wengine walisimama. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kiwandani akasoma mara mbili, akanitazama, akatema mate chini, akaenda. Ilinistahili.

Akinyi alisoma akiwa amesimama wima. Nilidhani atanipigia kelele. Akauliza tu, "Kwa hivyo ni ishirini na moja?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Akasema, "Si nilikwambia," akaingia kibandani.

Okelo alikuja saa mbili. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari hewani. Nikasimama. Hotuba niliyokuwa nimeitunga ilinipotea yote. Nikasema, "Nisamehe, Okelo."

Hakugusa kofia. Aliivua kabisa. Kichwa kimekuwa cheupe, sikuwa najua.

"Mama Akinyi ndiye aliyetaka kuisoma hii," akasema.

Akavaa kofia, akaenda zake. Sikuweza kula mchana. Mwaka juzi Mama Akinyi bado alikuwa hapa, na fagio lake, akipita mbele ya ubao huu kila asubuhi. Ningeusoma mstari ule mwaka juzi tu.

Saa kumi jioni Okelo akabisha mlango wangu. Hajawahi kubisha mlango huu tangu 1969. Hakukaa. Alisema, "Niandikie kwa karatasi, Kioko. Weka tarehe na sahihi. Wewe si mtu wa karatasi? Kaburi la Mama Akinyi liko kando ya nyumba kule Ugenya. Nikifika nitamsomea."

Ijumaa, 22 Julai

Nimeandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na visingizio. Ya pili ilikuwa na machozi, na wino ukatawanyika. Ya tatu ni kama ubao, maneno yaleyale, ila nimeongeza mkunga niliyemrudisha langoni. Nikatia sahihi: Kioko, karani wa saa.

Nilimpelekea basini, kituo cha Machakos hapa mjini. Mizigo ilikuwa michache: meza, randa, masanduku mawili. Akinyi alikuwa analia waziwazi, nywele zake zimesukwa upya. Okelo alisoma karatasi pale katikati ya makelele ya makondakta. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Saa umeweka?"

"Nimeweka."

"Za Kaloleni?"

"Za Kaloleni."

"Haya," akasema, akapanda. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Nilirudi kwa miguu. Wekesa alikuwa ameshalowesha gunia, anataka kunisaidia kufuta ubao, maana nimechelewa na watu wanauliza leo ni siku ya nini. Nikamwambia auache hivyo mpaka Jumatatu. Basi litafika Ugenya kesho asubuhi. Chaki imebaki moja, nimeiweka kwenye mfuko wa koti.