Filamu ya Kuvunja Mbavu

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama bado umeninunia. Shemeji na wapwa zangu wanaendeleaje? Na goti lako je, limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba, na sababu utaisoma humu humu.

Najua ujumbe wangu wa mwisho ulikuwa wa matusi. Nilisema wifi yako asiporudi ifikapo Jumamosi, nitakuja kumburuta mwenyewe, na mlango wako nitaung'oa na bawaba zake. Sikuwa natania. Sasa nisikilize.

Pale gereji wenzangu walikuwa na wimbo mmoja tu: filamu ile ya bwana harusi na mbuzi. Kila aliyeiona alirudi akisema inavunja mbavu. Mimi neno hilo sikutaka hata kulisikia. Jumatatu fundi rangi, mtu mpole asiye na ugomvi hata na nzi, akaniuliza mbele ya wote kama na mimi nimeshavunja mbavu. Damu ikanipanda. Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaangukia ndoo za rangi, nikamfuata huko huko chini. Wanaume wanne ndio walionitoa juu yake, na mkononi nilikuwa nimeshika nyundo ya kunyooshea bodi. Jino lake moja lilibaki kwenye rangi nyeupe, hata ukilitafuta hulioni.

Bosi alitaka kuita polisi. Fundi rangi alikataa, huku akitema damu kwenye kitambaa. Alisema fidia anayotaka ni moja tu, nimpeleke binti yangu akaione filamu hiyo, maana mtoto alipopita gereji alimwambia kwamba darasani kwao ni yeye peke yake ambaye hajaiona. Niliona heri polisi. Hata hivyo nilikwenda, jana mchana, nimekunja uso utadhani jino lililong'oka ni langu.

Dada, nilicheka! Nilianza kwa kubana midomo. Lakini mbuzi alipotafuna suruali ya harusi, na yule bwana, mtu mkali wa kufokafoka, akaingia ukumbini amejifunga kitambaa cha meza, akiwaamuru wageni wasicheke, machozi yalinitoka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka hivyo. Nikainua mkono nijipige paja.

Binti yangu akajikunja. Alifunika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniomba samahani, akasema hatacheka tena. Ukumbi mzima wa sinema ulikuwa unaangua kicheko, na mtoto wa miaka minane ameshuka chini ya kiti ananiogopa mimi. Sijawahi kumgusa huyu, hata siku moja, nami nilikuwa nikijisifia hilo. Kumbe macho anayo.

Wifi yako alikuambia aliteleza bafuni. Hakuteleza. Nilimpiga mateke akiwa ameshaanguka, kwa kosa ambalo leo hata silikumbuki, na zile mbavu tatu nilizivunja mimi. Nilizisikia zikialika kama vijiti vikavu. Ndiyo maana swali la fundi rangi lilinichoma, nilidhani anajua. Maskini, hakujua kitu.

Kwa hiyo ule ujumbe wangu ufute. Usimrudishe. Nikija nalia, usifungue. Nikija na zawadi, usifungue. Nikija na wazee, wasomee barua hii.

Anayekukabidhi barua hii ni binti yangu, amesindikizwa na fundi rangi. Nguo zake zote zimo begini, na madaftari ya shule. Nimemwambia anakwenda kumwona mama yake. Kwamba anabaki huko sikuweza kumwambia, mwambie wewe shangazi yake.

Wasalimie shemeji na watoto. Na mtoto akifurahi kusikia kwamba harudi kwangu, usinifiche.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi bodi