Kibuyu Nilichokiosha na Sabuni

Mujukuu wangu Neema,

Jambo sana kutoka Kingi, huku Masisi. Tuko wazima. Ile ng'ombe yetu nyeusi ilizaa, na shangazi yako anapeleka maziwa ku soko kila asubuhi.

Uliniuliza kama mimi pia nilishachekwa mu inchi ya wengine. Kwanza acha nikasirike. Mualimu wako wa huko ugenini anakusemesha, unainamisha macho kwa heshima kama tulivyokufundisha, halafu anamwambia papa yako kwamba uko na kiburi! Na papa yako, mutoto niliyemuzaa mimi, anakugombeza palepale mbele yake! Hana haya?

Sikia. Kwetu Walikale, mu pori, hatukufuga ng'ombe. Nilipoolewa huku Masisi nilitaka kuonyesha bidii, nikaosha kibuyu cha maziwa na sabuni mpaka kikang'aa. Kumbe huku kibuyu kinafukizwa tu moshi wa majani. Maziwa yote ikaharibika. Mawifi wakacheka: "Muntu wa pori!"

Mama mukwe akawanyamazisha kwa ulizo moja: "Nani alimuonyesha?" Halafu akawasha majani, akaniita nikae karibu yake.

Papa yako alikulia ku maziwa ya kibuyu kile, na leo amesahau! Musomee barua hii kwa sauti. Kisha arudi kwa mualimu yule, amuulize kwa heshima: "Macho ya mutoto wangu, nani alikuonyesha kuyasoma?"

Koko yako anayekupenda