Maharagwe Ndani ya Ekyanzi cha Bibi Yako

Nyakasimbi, Karagwe
14 Agosti 1954

Mpendwa mwanangu Elpidius,

Shikamoo uliyonitumia kwa Kahigi nimeipokea, marahaba. Natumaini huko Mwanza u mzima na kazi ya ukarani inakwenda. Sisi hatujambo. Kahawa imeiva, na ng'ombe wana malisho.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama yangu, bibi yako Kemigisha, kuiona ngome ya Mukama, mfalme wetu wa zamani, ambayo sasa imefanywa nyumba ya makumbusho. Alikwenda kwa furaha. Mikuki imepangwa vizuri, na ngoma zimewekwa kwa heshima. Kisha tukafika penye meza ya vyombo, tukakiona ekyanzi chake, kile chombo cha mti cha kukamulia maziwa alichopewa na mama yake alipoolewa. Kilikuwa kimejaa maharagwe.

Ulipokuja likizo ulisema unakipeleka kuzibwa ufa. Kumbe ulikitoa zawadi bila ruhusa, ukamwambia mlinzi, Bwana Projest, kuwa ni chombo cha maharagwe. Wewe, mtoto wa nyumba yenye ng'ombe! Chombo hicho hakikupata kuingiwa na kitu ila maziwa na moshi wa nyasi za kukifukizia.

Bibi yako alimwuliza Projest, "Mwanangu, kwenu maziwa mnakamulia katika chungu cha mboga?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Projest aliaibika, akayamwaga maharagwe, lakini chombo alikizuia.

"Mzee, aliyekileta ndiye atakayekichukua," aliniambia. "Nikikupa wewe, kesho kila mtu atakuja kudai mkuki."

Nilimkaripia, ingawa najua ana haki.

Dada yako Adventina anaolewa mwezi ujao, na ekyanzi hicho ndicho alichowekewa. Tulimsihi bibi yako ampe kipya, akakataa. Alisema, "Siwezi kumpa mjukuu wangu chombo kisichonijua." Tangu Jumamosi hajanywa maziwa.

Usiniandikie maneno ya kuomba radhi, wala usitume fedha za kununulia kingine. Omba ruhusa kazini, uje. Utakichukua kwa mkono wako, upige magoti, umkabidhi mwenyewe. Kama bado kinafaa kutiwa maziwa, yeye ndiye atakayesema; mimi sijui.

Mama yako Anatolia anakusalimu, na baba yako mdogo Kashaija vilevile. Adventina anakusalimu sana. Bibi yako nilimwuliza kama ana salamu zako; alisema zinangoja ekyanzi.

Mungu akulinde njiani.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye hata leo,
Rwegoshora